Kidonge cha Mkata Lenzi

Walimwita Kipepeo, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu uzuri. Tangu utotoni hakuweza kutulia juu ya ua moja. Akitumwa chumvi, anarudi na kiberiti. Akianza kufagia sebule, baada ya dakika kumi utamkuta uani anapanga viatu, ufagio kauacha mlangoni watu wajikwae. Walimu walimchapa, mama yake alimwombea, shangazi zake walimcheka. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, na hakuna hata moja iliyotibu.

Alipofika miaka thelathini na tisa alikuwa ameshafukuzwa kazi nne na kuachwa na mume mmoja, ambaye kwa maoni yake hakuwa hasara kubwa. Akabakiwa na kazi moja aliyoipenda kwelikweli: kukata lenzi za miwani. Alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha duka, chumba ambacho ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Mashine ya kusagia ilikuwa pembeni ikitema maji meupe yenye unga wa lenzi, na kwenye rafu kulikuwa na visanduku vya plastiki, kila kisanduku na fremu yake na karatasi yake ya vipimo. Kazi ile haina masihara. Kitovu cha lenzi kinatakiwa kikae mbele ya mboni ya mtu barabara. Ukikosea kwa milimita mbili tatu, mteja anashinda na kipandauso na kulaani ukoo wako.

Mwenye duka alijiita mtaalamu wa macho, ingawa alichokijua kuhusu macho ni kwamba kila mtu ana mawili, kwa hiyo kila mtu ananunua lenzi mbili. Yeye alikaa mbele, amevaa koti jeupe, akiwaambia wateja "mboni yako imechoka" kwa sauti ya mtu aliyeona mengi. Mambo yakiharibika, mkosaji alikuwa chumba cha nyuma.

Na yaliharibika mara nyingi. Kipepeo alikuwa na mikono ya dhahabu na kichwa cha chujio. Siku ambayo kichwa kilikubali kukaa, alikata lenzi hata mashine za kisasa zingemwonea wivu. Siku nyingine alisaga lenzi ya bibi wa miaka themanini akaitia kwenye fremu ya dereva wa lori.

Mteja mmoja alirudisha miwani mara mbili katika wiki moja. Mara ya pili hakugombana na mwenye duka. Alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye mkoba mkubwa, na alisema anataka kumwona aliyeikata. Mwenye duka alifurahi mno kumpeleka nyuma, kama mtu anayempeleka polisi kwa mwizi.

"Hii ya kulia ndiyo ya kushoto," yule mama alisema.

"Naona, mama. Nisamehe. Nilianza yako, simu ikalia, nikashika ya mwingine, halafu..." Kipepeo akaipokea miwani. Maelezo yale alikuwa ameyatoa maisha yake yote, na hata yeye yalishamchosha.

"Tangu mdogo uko hivi?"

"Tangu tumboni."

Mama yule alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali iliyo mwendo wa dakika ishirini kutoka dukani. Alisubiri miwani yake pale pale, akaijaribu, akaona vizuri, kisha akaandika siku ya kliniki nyuma ya risiti.

Kipepeo alikwenda akiwa na dharau tele moyoni. Alitegemea kuambiwa aache uvivu, maana ndicho alichoambiwa na kila mtu bure, sasa angeambiwa kwa kulipia. Haikuwa hivyo. Daktari alimwita mara tatu kabla ya kumwandikia hata kidonge kimoja. Alimuuliza habari za shule, za ndoa, za kazi nne zilizopotea. Alitaka aje na mtu aliyemjua utotoni, naye akaja na mama yake, ambaye alipoulizwa "Alikuwa anasahau?" alicheka mpaka akatoa leso. Daktari aliuliza pia kama katika ukoo kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au anayezimia akikimbia, au mwenye ugonjwa wa moyo. Alimpima presha, mapigo ya moyo na uzito, akampeleka apimwe moyo kwa mashine. Mwisho ndipo alipofungua kalamu.

"Una tatizo la umakini, na halikuanza jana. Kuna dawa," alisema. "Ni dawa ya kuchangamsha ubongo. Kwa mtu kama wewe, inamsaidia kutulia. Lakini nisikilize, na uandike, kwa sababu najua utasahau."

Kipepeo akaandika nyuma ya mkono, kwa kuwa daftari alilisahau.

"Kimoja asubuhi, baada ya kula. Ukisahau asubuhi, usinywe jioni, hutalala. Usivunje wala usitafune. Kimetengenezwa kiachie dawa polepole. Usinywe viwili kufidia cha jana. Ukiugua mafua, usijinunulie vidonge vya kufungua pua kabla ya kuniuliza. Kifua kikibana, ukizimia, moyo ukienda mbio bila kupoa, uje hospitali siku hiyo hiyo. Na usimpe mtu. Hata akikulilia."

"Nani atakayetaka dawa za wendawazimu, daktari?"

Daktari alimtazama juu ya ile miwani aliyokatiwa na Kipepeo. "Utashangaa," alisema.

Siku ya kwanza Kipepeo alikunywa kidonge saa moja asubuhi, na ilipofika saa mbili na nusu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akisaga lenzi ya nne. Alipogundua kuwa ni ya nne alishtuka. Kichwani mwake, ambamo miaka yote mlikuwa na watu hamsini wanaopiga kelele kwa mpigo, walibaki wawili, na hao wawili walikuwa wanazungumzia lenzi. Aliinuka, akaenda msalani, akalia kidogo, akarudi kazini. Kurudi kule ndiko kulikokuwa kugeni kwake.

Ingekuwa heri kama hadithi ingeishia hapo. Lakini binadamu akipewa kijiko cha asali huuliza mzinga uko wapi, na Kipepeo naye alikuwa binadamu. Wiki ya tatu alijiambia: kama kimoja kinanifanya hivi, viwili je? Akaanza kunywa cha pili saa sita mchana. Hakumuuliza daktari, kwa sababu jibu alilijua, na mtu anayejua jibu asilolitaka huwa haulizi.

Kwa siku kumi alijiona malkia wa lenzi. Kinywa kilikauka kama karatasi ya msasa. Akanywa maji, hakujali. Chakula kilimchukia, alikiangalia, akakifunika, akakitupa. Meno aliyasaga kutwa nzima mpaka taya zikauma. Sketi yake ya kijani ilianza kuzunguka kiunoni kama gurudumu. Usingizi ulikuja alfajiri, saa ya kuamka. Jioni, dawa ilipoisha nguvu, aligeuka pilipili: aligombana na muuza maji, na jirani, na kitasa cha mlango. Akilala ubavu wa kushoto aliusikia moyo wake ukipiga godoro.

Kilichomrudisha duniani ni lenzi moja. Siku hiyo aliikalia tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba. Aliing'arisha kingo, akaipima, akaing'arisha tena, akaona kichembe ambacho hakuna jicho la binadamu lingekiona, akakifuata kichembe hicho kana kwamba kimemtukana. Visanduku kumi na viwili vilikuwa vinamsubiri kwenye rafu. Saa saba mwenye duka aliingia, akaichukua lenzi, akaiinua kwenye mwanga.

"Safi," alisema. "Sijawahi kuona lenzi safi hivi."

"Asante, bosi."

"Sasa mzee mwenye miwani hii, jicho la kulia alitolewa. Karatasi imeandikwa: lenzi ya kushoto tu."

Kipepeo alichukua karatasi akasoma. Ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa herufi kubwa, na wino mwekundu.

Alirudi kwa daktari mwenyewe, bila kusubiri tarehe. Alipimwa: kilo tano zimeondoka, mapigo yako juu, presha imepanda. Daktari hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Viwili?" na Kipepeo akaitikia kwa kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Dawa hii haikupi akili," daktari alisema. "Akili unayo. Inakusaidia kuishika. Ukiizidisha, utashika chochote kilicho karibu na hutakiachia. Mwendawazimu wa lenzi moja hana tofauti na Kipepeo wa lenzi kumi."

Akasimamishiwa dawa kwa muda mpaka mapigo yalipotulia. Aliporudishiwa, ilikuwa kimoja, asubuhi, baada ya kushiba, na kila mwezi mizani na kipimo cha presha. Kinywa bado kilikauka kidogo, na saa tisa alasiri kichwa kilimgonga siku nyingine, akajifunza kunywa maji na kula mchana hata bila hamu, kama mtu anayelipa ushuru. Ikawa dawa tu. Wakati mwingine alisahau kitu, akakikumbuka, akaendelea. Miezi saba ikapita, na mwenye duka akaanza kuwaambia wateja kwamba fundi wake kafundishwa na yeye mwenyewe.

Sasa tumlete shemeji.

Mdogo wake Kipepeo, mwanamke mpole aliyezoea kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, alikuwa ameolewa na bwana mmoja aliyependa kuitwa Mstahiki. Hakuna aliyempa jina hilo, alijipa. Alikuwa karani wa kutunza majalada katika idara ya maji, na kwa namna alivyotembea ungedhani maji yenyewe ndiye aliyeyagundua. Kila jambo alikuwa na neno lake la mwisho. Kila Jumapili mchana yeye na mkewe walikuja kula kwa Kipepeo, kwenye vyumba vyake viwili, na kila Jumapili Mstahiki alivitazama vidonge vilivyokuwa juu ya friji akatoa hotuba.

"Mimi, shemeji, hata panadol simezi," alisema huku akijipakulia mara ya pili. "Mtu akiwa na nidhamu, dawa ya nini? Hizo ni dawa za wendawazimu. Kesho na keshokutwa utaanza kuokota makopo."

"Nikianza kuokota nitaanzia kwako, shemeji. Debe tupu ndilo linalosikika kwa mbali."

Mdogo wake alikohoa. "Dada, jamani."

"Natania tu," Kipepeo alisema, lakini hakuwa anatania.

Mwezi mmoja Mstahiki alitangaza kwamba ameteuliwa kufanya mtihani wa kupanda cheo. Wote katika idara waliotimiza miaka kumi walikuwa "wameteuliwa", lakini yeye aliieleza habari hiyo kana kwamba wazee wa nchi walikesha wakilitaja jina lake. Jumapili iliyofuata hakutoa hotuba. Aliuliza maswali, kwa sauti ya mtu anayepita tu njia.

"Hivi shemeji, vile vidonge, ukimeza, unaweza kusoma muda mrefu?"

"Mimi naweza. Wewe vitakudhuru."

"Nauliza tu kwa elimu."

Jumatatu asubuhi Kipepeo alinyoosha mkono juu ya friji akakuta vumbi, na katikati ya vumbi duara dogo safi mahali chupa ya vidonge ilipokuwa imekaa.

Na hapa ndipo pa kuudhi. Hakumshuku mtu, alijishuku mwenyewe. Mtu aliyeambiwa miaka arobaini kwamba anapoteza vitu, siku kitu kikiibwa hukitafuta mifukoni mwake. Alipekua kabati, akapekua ndoo ya taka, akapekua mkoba mara tatu. Alichelewa kazini kwa saa nzima. Alimpigia mdogo wake, na simu ikawekwa sauti kubwa, maana Mstahiki alijibu kutoka nyuma:

"Shemeji, umeangalia ndani ya friji? Si ndiko ulikowahi kuweka funguo?" Akacheka. Alicheka kwa raha, chupa ikiwa mfukoni mwa koti lake. Huku ndiko watu wanakokuita kuvaa miwani ya mbao, na Kipepeo, aliyewahi kukata miwani za kila aina, aina hiyo hakuijua mpaka siku ile.

Alikwenda duka la dawa. Mfamasia alifungua kitabu, akapitisha kidole.

"Tarehe yako bado. Siku kumi na tisa."

"Vimepotea."

Mfamasia aliinua macho. "Hivi huwa vinapotea sana," alisema, polepole, na watu wawili kwenye foleni wakageuka kumtazama Kipepeo. "Kuna watu wanavipoteza kwa wanafunzi wa chuo. Sisemi wewe. Nasema kuna watu."

"Mimi nakata lenzi. Sina mwanafunzi."

"Lete barua ya daktari."

Daktari alikuwa likizo kwa wiki mbili, na aliyekaa kwenye kiti chake alisema hawezi kuandika dawa ya namna ile kwa mgonjwa asiyemjua, aliyekuja na maneno ya kupoteza. Kwa kweli alikuwa sahihi, na hilo lilimuudhi Kipepeo zaidi. Alitoka pale akiwa mwizi bila kuiba.

Siku zile bila dawa hakufa wala hakuzimia. Alilala kama gogo, alikula kama mchimba kisima, na kichwani wale watu hamsini wakarudi na mizigo yao. Siku ya tatu alikwaruza lenzi mbili, siku ya nne moja ikapasuka. Mwenye duka aliingia, akatabasamu.

"Kipepeo karudi," alisema. Akamtoa chumba cha nyuma, akampa kitambaa afute vioo vya kabati za mbele, huku lenzi zikipelekwa kukatwa duka la pili. Fundi wa mikono ya dhahabu akasimama mbele ya wateja akifuta alama za vidole. Alifuta na machozi yake mwenyewe mara moja, akajisema kwa hilo.

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, simu ilimkuta na kitambaa mkononi.

"Dada, njoo hospitali," mdogo wake alisema. "Ni mume wangu. Njoo, lakini usije na maneno."

Kwanza tuseme kilichotokea, maana msimamizi wa mtihani alikieleza baadaye kwa yeyote aliyekuwa na masikio. Mstahiki, yule ambaye hata panadol hamezi, alikuwa amekunywa vidonge vya shemeji yake wiki nzima, viwili viwili, akisoma kwa saa nyingi. Kwa kuwa hakulala, asubuhi ya mtihani alikuwa kama mfuko mtupu. Akameza vitatu. Akavitafuna, ili vifanye kazi haraka. Akashushia vikombe vitatu vya kahawa nzito na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Na kwa kuwa pua ilikuwa inachuruzika, akaongeza vidonge vya mafua. Sikio la kufa halisikii dawa. La kwake halikusikia, lakini kinywa kilizimeza zote.

Mtihani ulianza saa mbili, maswali matano. Mstahiki alianza la kwanza. Alipiga mistari ya pembeni kwa rula. Aliandika ukurasa, hakupenda herufi zake, akauandika upya. Akauandika tena. Akapigia mstari vichwa vya habari kwa wino wa pili. Ilipofika saa nne, wenzake wakiwa swali la nne, yeye alikuwa bado la kwanza, ametota jasho, taya zinasagika. Kisha aliona msimamizi anaandika kitu kwenye daftari, na akajua, kwa yakini kabisa, kwamba anaandikwa yeye. Akainuka akadai lile daftari. Akaambiwa akae. Akashika kifua, akaketi sakafuni.

Hospitalini Kipepeo alimkuta mdogo wake kwenye benchi la korido, ameukumbatia mkoba kana kwamba una mtoto ndani. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona shemeji kitandani, nyaya kifuani, uso umeiva, macho yanaruka huku na huku. Daktari wa zamu, kijana mwenye uso wa uchovu, alikuwa ameinama.

"Nakuuliza mara ya tatu. Umetumia nini?"

"Kahawa," Mstahiki alisema, meno yameng'atana.

"Kahawa gani inapeleka moyo mbio namna hii?"

"Kahawa nzuri."

Kipepeo aliyajua mataya yale. Aliyaona kwenye kioo chake siku kumi nzima. Akageuka kwa mdogo wake.

"Fungua mkoba."

"Dada, nilikuomba."

"Hujaniomba kitu. Fungua."

"Niliikuta kwenye koti lake jana. Aliniapisha. Alisema akipata cheo atakununulia nyingine..." Akaanza kulia. Kipepeo akautwaa mkoba, akaufungua mwenyewe. Chupa ilikuwa juu kabisa, jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya pembeni kwa mkono wa mfamasia. Jumapili ilikuwa na vidonge kumi na tisa. Aliimimina kiganjani, vimebaki vinane.

Watasema watu wa hekima kwamba wakati huo hasira humtoka mtu. Hasira haikumtoka. Kwa pumzi moja nzima alisimama pale akitamani amwache aendelee na kahawa yake nzuri. Kisha akaingia.

"Daktari, amekunywa hivi. Ni vyangu, vya kuchangamsha ubongo, vya kuachia polepole. Vimepungua kumi na kimoja tangu Jumapili. Vya leo sijui ni vingapi, ila alikuwa na mafua, muulize na vidonge vya mafua." Akamgeukia mgonjwa. "Shemeji, mficha maradhi kifo humuumbua. Useme mwenyewe au nikusemee?"

Mstahiki alifumba macho. "Vitatu," alisema. "Nimevitafuna. Na vya mafua viwili."

"Ahsante," daktari wa zamu alisema, na alimwambia Kipepeo, si yule. Kuanzia hapo mambo yalikwenda upesi: sindano ya kumtuliza, dripu, nguo zikapunguzwa kwa sababu mwili ulikuwa unawaka, mashine ya moyo ikaachwa ikisoma. Muuguzi alisema kama angefichaficha saa mbili nyingine, au kama angekuwa na moyo mbovu asioujua, wangekuwa wanaongea habari nyingine.

Mstahiki alitoka siku ya pili, mzima, akitembea kwa adabu ambayo ilidumu hadi getini. Majirani aliwaambia alizidiwa na uchovu wa kazi. Matokeo yalipokuja, swali la kwanza alipata alama kumi na saba kati ya ishirini. Mengine manne hakuyagusa. Wasahihishaji walisema hawajawahi kuona mistari iliyonyooka vile.

Yule daktari mwenye mkoba mkubwa alirudi kutoka likizo, akasikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Ulikuwa unaziweka wapi?" aliuliza.

"Juu ya friji."

"Kila mtu anaona?"

"Kila mtu."

"Basi na wewe una kosa lako. Dawa ya namna hii haikai kama kibakuli cha matunda." Akaandika barua, akamwandikia dawa. Kipepeo alitoka amenuna, kwa sababu alikuwa amejiandaa kuhurumiwa.

Aliipeleka barua duka la dawa, akiwa amejiandaa pia kuombwa radhi. Njiani alikuwa ameshatunga jibu la kumwambia mfamasia, jibu zuri, lenye miba. Mfamasia aliisoma barua, akapiga muhuri, akasukuma chupa dirishani, akasema, "Anayefuata." Kipepeo akaondoka na chupa na jibu lake. Alinunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, akakifunga kwa skrubu nne ndani ya kabati la nguo, na wiki iliyofuata akarudi kwenye kigoda chake, kwa kuwa duka la pili lilikuwa limemkatia mwenye duka lenzi za hovyo na wateja walianza kumpigia kelele yeye, huko mbele, ndani ya koti lake jeupe. Mwenye duka hakumwambia samahani. Alimwambia, "Fundi wangu, nilikwambia utapona."

Jumapili Mstahiki aliacha kuja. Alikuja mdogo wake peke yake, akakaa, akazungusha kikombe.

"Dada, nami siku hizi nasahau. Nachoka. Nikisoma mstari mmoja narudia mara nne. Unadhani nami nina hilo lako?"

Kipepeo alikuwa na maneno mengi aliyomwekea, ya mkoba na ya kuapishwa, na mengine alikuwa ameyapanga vizuri. Aliyatazama, akayaacha. "Mimi si daktari," alisema. "Jumatano tutakwenda wote."

Walikwenda. Daktari alimhoji mdogo mtu muda mrefu, akamuuliza tangu lini, na mdogo mtu akasema tangu mwaka jana. Utotoni alikuwa wa kwanza darasani na hajawahi kupoteza hata kifutio. Daktari akamvuta ukope wa chini, akautazama, akampeleka kupimwa damu. Hakuwa na tatizo la umakini. Alikuwa na upungufu wa damu, na mume.

La pili hilo Kipepeo ndiye aliyelisema, barabarani, na mdogo wake akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile, ingawa baadaye alinung'unika kwamba alitegemea kupata vidonge kama vya dada. Alipewa vya madini ya chuma. Alipofika navyo nyumbani, Mstahiki alivigeuza geuza mkononi, akauliza, kwa elimu tu, kama navyo vinaongeza akili.

"Vinafunga choo," mkewe alimwambia. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, bwana yule akasikia onyo la dawa.